Kijiko cha Kizingitini

Usigeuze shingo. Umeshaigeuza vya kutosha.

Uliigeuza mwaka wa girisi, watoto wa Bondeni walipozikwa kwa mashuka ya kitanda kwa kuwa sanda zilikwisha madukani. Ukasema ni homa, msimu ukipita nayo itapita. Ukaigeuza tena watoto waliobaki walipoanza kupapasa kuta jioni kama vikongwe. Ukasema watoto wa siku hizi ni wavivu, hawataki kukimbia. Wahenga wanasema macho hayana pazia, lakini wewe umejishonea lako, tena la kitambaa kizito. Basi leo lisogeze kidogo. Hutaonyeshwa mji mzima. Utaonyeshwa mlango mmoja tu, wa Havintishi binti Mkude, Mtaa wa Bondeni, saa ile taa za Turubai zinapoanza kupunguzwa.

Havintishi alikuwa anateremka ngazi, sindano ya shazia imechomekwa kwenye kilemba, mabega yakinuka jua. Yeye na washona viraka wenzake ndio watu pekee wa Bondeni waliolijua jua kwa ngozi zao. Kila asubuhi walipanda juu ya lile Turubai lililotandazwa kutoka mlima hadi mlima tangu miaka ya joto kuu, lile linalonyonya miali na kuigeuza umeme, wakaziba matundu yaliyochanwa na upepo. Waliobaki chini walizaliwa kivulini, wakakulia kivulini, wakafia kivulini. Walishukuru hivyo hivyo, kwani baridi ya kivuli ni bora kuliko moto uliowaua babu zao.

Chini, watoto walikuwa wanacheza kombolela. Alimsikia bintiye kabla ya kumwona, yaani aliwasikia wenzake wakimwimbia:

"Macho ya kuku! Banda liko huku! Macho ya kuku! Banda liko huku!"

Sijali alisimama katikati ya uchochoro, mikono mbele, anacheka kicheko kile cha mtoto anayejitahidi asilie. Alipiga hatua kuelekea sauti, akajigonga kwenye bomba la uji, puani.

"Nani kanisukuma?" akauliza.

Hakuna aliyemsukuma.

Mama yake akambeba ndani, akambana pua kwa pindo la kanga. Damu ikakataa kuganda. Ilitoka, ikapumzika, ikatoka tena, mpaka pindo likawa zito. Damu ilipokubali kusimama, Havintishi alijaza kikombe maji, akakishika mbele ya uso wa mtoto.

"Kunywa, mama."

Sijali akanyoosha mkono akashika hewa, upande wa kushoto wa kikombe. Akashika tena hewa.

"Kiko wapi, mama?"

"Kiko hapa." Akamwekea mkononi. "Taa zao hizi mbovu, mwanangu. Hata mimi sioni."

Alikuwa anaona vizuri sana. Aliiona miguu ya mtoto ikiwa imepinda kama upinde, magoti hayasalimiani.

Akafungua koki ya jikoni, uji wa bomba ukashuka kwenye sufuria, wa moto, mzito, kama ulivyoshuka wakati huo huo katika kila jiko la mji. Aliusubiri utulie. Utando wa njano ukapanda juu, laini, unang'aa. Akachukua kijiko cha bati kilichoning'inizwa msumarini, kijiko ambacho hakikuwa na kazi nyingine nyumbani humo, akauengua utando wote kwa mzunguko mmoja, akaenda mlangoni, akaumwaga juu ya jiwe la kizingiti.

"Sudi," akasema.

Mlango wa pili sauti ya Bi Mashavu ikasema, "Mapacha wangu." Wa tatu wakasema, "Maua." Wa nne, "Hamdani." Majina yakashuka uchochoro mzima, na mawe ya vizingiti yakang'aa mafuta, na sisimizi wakatoka, wanono.

Ndivyo Bondeni walivyofanya tangu mwaka ule girisi ya pampu kuu ilipovuja ndani ya bomba ikapanda juu ya uji. Watoto wakainywa wakafa, Idara ya Bomba ikaandika homa. Hawakupewa makaburi yenye majina wala neno la pole. Wakajitengenezea kumbukumbu yao kwa kile kile kilichowaua, kwamba kila siku utaondolewa utando na litatajwa jina. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Na anayeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nani angewaambia kwamba safari hii ung'ongo ulikuwa ung'ongo kweli?

*

Kwenye lango la Nyumba ya Mizani kuna vibao vya shaba, kimoja kwa kila mtaa wa mji, kila kimoja na alama ya kiganja cha mtu. Umevipita mara nyingi. Havintishi naye alivipita asubuhi iliyofuata, Sijali mgongoni, bila kuvitazama. Vilikuwa na vumbi, na kimoja mtu alikuwa amekibandikia tangazo la chumba cha kupanga.

Ndani, ukutani, yameandikwa maneno makubwa: BOMBA LINATOSHA.

"Mtoto haoni jioni," Havintishi alimwambia muuguzi wa mapokezi. "Damu haigandi. Miguu hii hapa, jionee."

Muuguzi alikuwa binti mwenye sauti ya upole na kope ndefu. "Nitaandika woga wa giza, dada."

"Woga?"

"Upungufu hatuandiki. Ukisema mtoto amepungukiwa maana yake bomba halitoshi, na bomba linatosha." Akainamisha kichwa. "Samahani, dada yangu. Mashine yenyewe inakataa. Nikiandika upungufu, inafuta."

"Kwa hiyo mtoto wangu anaogopa giza mpaka miguu inapinda!"

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyezoea kupishana na upepo juu ya Turubai. Foleni nzima ikageuka. Mlango wa ndani ukafunguliwa kidogo, mwanamume mwembamba aliyevaa koti jeupe akaashiria kwa kidole: njoo.

Huyo alikuwa Daktari Mgaya, mtunza Mizani, ile mashine inayopanga kipimo cha uji wa kila mtaa. Kabla ya salamu kukamilika alikuwa ameshafunua midomo ya Sijali.

"Fizi nzuri," akasema. "Nyekundu, imara."

"Sikumleta kwa ajili ya fizi, Daktari."

"Najua. Ndiyo maana nimeanza nazo." Alifunga mlango. Akazungumza kama anayeogopa kuta. "Vitamini si kitu kimoja, Mama Sijali."

"Mama Sudi. Mtoto wangu wa kwanza ni Sudi."

Daktari akatazama kioo chake. "Hapa pameandikwa Mama Sijali."

"Endelea."

"Ziko zinazosafiri na maji. C ndiyo inayoshika fizi na kufunga vidonda. Kundi la B linageuza chakula kuwa nguvu na kutunza mishipa ya fahamu. Hizo zimo ndani ya uji wenyewe, mtoto anazipata, zikizidi anazikojoa. Ndiyo maana hana kiseyeye na hajalegea. Lakini ziko nne zinazosafiri na mafuta tu." Akagusa kope ya Sijali kwa ncha ya kidole. "A. Nyuma ya jicho kuna rangi inayokamata mwanga mdogo, na rangi hiyo hutengenezwa kwa A. Ikikosekana, mchana unaona, magharibi huoni. Ikizidi kukosekana jicho linakauka, linapata kidonda, na hapo mchana na usiku vinakuwa kitu kimoja."

Havintishi alimkumbatia mtoto bila kujua.

"D ngozi huipika yenyewe ikiota jua. Wewe unalo jua, yeye hana. Bila D, kalsiamu inapita tumboni kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe, na mifupa inabaki laini. E inazilinda chembe za mwili zisichakae. K ndiyo inayoiambia damu igande. Zote nne tunazitia kwenye mafuta, mafuta tunayatia kwenye uji." Akasita. "Mafuta yakiwa kwenye sufuria, Mama Sijali, yanakaa wapi?"

Akilini Havintishi aliliona jiwe la kizingiti likimeremeta. Akawaona sisimizi.

"Mmejua tangu lini?" akauliza hatimaye.

"Mizani inapima maji machafu ya kila mtaa. Iliona mapema sana kwamba miili ya Bondeni inakosa."

"Nanyi mkafanya nini?"

"Mizani ikaongeza kipimo cha Bondeni. Mkamwaga. Ikaongeza tena."

"Na ninyi wenye vinywa? Mkakaa mnaitazama inaongeza?"

Daktari aliokota kalamu akairudisha pale pale. "Jirani yako yeyote anafuga kuku? Wanaodonoa vizingitini?"

"Bi Mashavu." Akawakumbuka: shingo tupu, manyoya yamenyonyoka, mayai hayaanguliwi. Na moja lililopasuka, kifaranga ndani mdomo umekwenda upande. Bi Mashavu alisema ni kijicho cha mtu.

"A haikojolewi. Inalundikana kwenye ini. Utando wa leo si ule wa zamani, umekolezwa mara nyingi. Mtoto akiunywa wote atatapika, kichwa kitamuuma, mifupa itamuuma. Mjamzito wa miezi ya mwanzo akiunywa, mimba inaumbika vibaya."

"Punguzeni basi!"

"Tukipunguza huku mnaengua, hata kile kidogo kinachosalia kwenye uji kitakwisha. Hicho ndicho kinachomfanya aone mchana."

"Basi tuache kuengua na ninyi mpunguze. Siku moja, saa moja."

"Ndiyo," alisema Daktari Mgaya. "Ni hivyo tu. Ni rahisi hivyo."

Akavuta karatasi kutoka chini ya kioo. Idara ilikuwa imeshaiandaa. Bondeni hawaisikilizi Idara, lakini binti Mkude ambaye hajawahi kuipigia Idara magoti watamsikiliza. Asome maneno haya kwenye vipaza sauti vya mtaa adhuhuri ya kesho, na saa hiyo hiyo kipimo kitashushwa. Havintishi alisoma akitikisa midomo. *Mimi, Mama Sijali, mkazi wa Bondeni, nathibitisha kwamba hapakuwa na girisi. Watoto walikufa kwa homa. Utando ni salama, na umekuwa salama tangu mwanzo.*

"Kwa nini msiseme kweli? Girisi ilikuwepo, pampu tumeibadilisha, tusameheni, kunyweni. Maneno hayo yana uzito gani?"

"Karatasi sikuiandika mimi."

"Valvu ya kushusha kipimo iko mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Sasa?"

Daktari akautazama mkono wake kama kitu cha kuazima. "Haifunguki bila amri ya Idara. Au viganja. Waasisi waliweka vile vibao langoni. Zaidi ya nusu ya mitaa ikiweka viganja, Mizani inafuata watu, na inafungua kumbukumbu zake zote zisomwe. Ya mwaka ule pia." Akacheka bila furaha. "Lakini mitaa ya juu ije hapa kwa ajili ya Bondeni? Mama yangu, kuwa mtu mzima."

*

"Na ulimpiga kofi?" Siwatu aliuliza. "Niambie ulimpiga, shoga, hata la kubahatisha."

Walikaa mlangoni kwa Bi Mashavu, wanawake watatu na kuku wenye shingo tupu. Siwatu alikuwa mke wa juzijuzi, ameolewa kutoka mtaa wa juu, na mimba yake ilikuwa changa kiasi cha kufichwa na mkanda mmoja wa kanga. Havintishi alikuwa amewaeleza yote ya Daktari, akawasomea na karatasi.

"Sikumpiga."

"Umetuangusha."

Bi Mashavu hakucheka. Sijali alikuwa mapajani mwake, na mikono ya yule mama ilikuwa inayasugua magoti yake yaliyopinda, inayasugua tu, kana kwamba mfupa ni unga utakaokubali kukandwa.

"Rudisha karatasi yao," akasema. "Wakaipikie. Heri kufa macho kuliko kufa moyo."

"Hayo husemwa na wenye macho, Bi Mashavu."

"Eti?"

"Nasema hayo husemwa na wenye macho. Aliyekaa mapajani mwako hakuulizwa."

Kuku mmoja akasogea akadonoa kizingiti, na kwa mara ya kwanza Bi Mashavu akamfukuza.

"Ukisema hapakuwa na girisi," alisema polepole, "wanangu watakufa tena. Mara ya kwanza waliuawa na bomba, nikavumilia, bomba halina akili. Safari hii watakuwa wameuawa na wewe, niliyekushikia taa siku unamzaa Sudi. Mimi nilimtoa Sudi kwa mikono hii. Utasema hakufa alivyokufa?"

"Nikisema, Sijali ataona."

"Ataona nini? Mama muongo?"

"Ataona kikombe, Bi Mashavu! Kikombe cha maji! Mimi sitaki aione haki, haki ameiona nani hapa? Nataka aone kikombe kabla hajakishika!" Sauti yake ilipasuka. "Mnadhani sijui kilichoandikwa? Walijua nitakuja na mtoto mgongoni. Wameweka jicho la aliye hai upande huu wa mizani, na jina la aliyekufa upande ule, wakaniambia pima. Mimi! Wao waliomwaga girisi hawapimi chochote, wamekaa wanakunywa chai!"

Siwatu akamvuta Havintishi pindo la kanga.

"Dada," akasema. "Huo utando. Mtu akiulamba kidogo?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Mimi sina wa kumtaja," akasema Siwatu. Alikuwa anakitazama kidole chake. "Nimekuja hapa nikakuta kila mlango una jina, mlango wangu hauna. Nikawa naengua kwa heshima tu, kwa kuwa mnaengua. Halafu mimba ikaniletea hamu ya mafuta. Nikaona badala ya kumwaga... Mara moja moja. Si kila siku." Akajaribu kucheka. "Ulikuwa mtamu."

Hakuna aliyemwambia neno la kifaranga mwenye mdomo wa upande. Mwenyewe alikuwa amemwona. Ndiye aliyemzika.

Bi Mashavu akanyoosha mkono akamvuta karibu, kichwa kikaangukia begani mwake, mtoto mmoja mapajani na mmoja begani. Uso wake ukageuka kumtazama Havintishi, na safari hii haukuwa na methali.

"Nenda," akasema. "Sikuambii useme nini. Mimi nimeshindwa. Nenda tu."

*

Adhuhuri, chumba cha matangazo. Daktari Mgaya alisimama kwenye kona. Mezani alikaa msemaji wa Idara, Bwana Ndelwa, mtu nadhifu mwenye tabasamu la kukopesha.

"Karibu sana, Mama Sijali. Taratibu tu, kama unaongea na majirani. Ukimaliza, Daktari anashusha valvu. Ndani ya wiki chache mtoto atakuwa anakimbia jioni, atakuja kukushukuru."

"Ishusheni kwanza."

"Baada ya kusoma."

"Mnaogopa nitawadanganya?"

"Tunaaminiana, mama. Lakini baada ya kusoma."

Kidude kidogo chekundu kikawaka. Kule Bondeni vipaza sauti vikakohoa kwenye nguzo. Havintishi alishika karatasi kwa mikono miwili. Herufi zilikuwa kubwa, zimepangwa vizuri, mtu alikuwa amejali asipate taabu ya kusoma. Angeweza kulisoma lile neno moja. Hapakuwa. Lina silabi nne tu, moja zaidi ya jina la bintiye. Alijua kwamba Mungu angemsamehe. Sudi naye angemsamehe, alikuwa mtoto mwenye huruma, aliyegawa hata kipande cha muwa alichokwisha kukitafuna. Ndicho kilichomuuma. Wanaosamehe ndio wanaoombwa kila siku.

Na akaliona jingine, lililomfanya aiweke karatasi chini. Akisema *umekuwa salama tangu mwanzo*, basi girisi ikivuja tena kesho nani ataruhusiwa kuengua? Ambaye hakuwahi kukosea, atazuiwa na nani asikosee tena? Sijali angelipwa macho yake kwa koo lake mwenyewe.

"Mimi," akasema, "ni Mama Sudi."

Tabasamu la Ndelwa likagandia pale lilipokuwa.

"Sudi alikufa kwa girisi. Mapacha wa Bi Mashavu, kwa girisi. Maua, Hamdani, wote mnaowataja. Wanataka niseme hapakuwa, sisemi. Lakini sikilizeni, jamani, msishangilie! Utando wa leo si girisi. Ndani yake mna macho ya watoto wetu na mifupa yao, na sisi tunalisha sisimizi. Tunamwaga wenyewe. Msiunywe leo! Leo ni mkali, umezidishwa, unaharibu mimba, unaumiza ini. Ushushwe kwanza. Valvu iko hapa, mwenye valvu kasimama nyuma yangu anatazama viatu. Vile vibao vya langoni si mapambo. Njooni muweke viganja. Njooni na—"

Kidude chekundu kikazimika.

Hakuburutwa. Hiyo ndiyo hasira yenyewe: hakuna hata aliyemgusa. Ndelwa alikusanya karatasi yake, akainyoosha kwenye ukingo wa meza, akasema kwa huzuni ya kweli kabisa, "Umemfanyia mwanao vibaya, Mama Sijali," akatoka kwenda kula.

Havintishi akamgeukia Daktari.

"Daktari."

"Kama ningekuwa na amri," alisema Daktari Mgaya.

*

*Njooni na* nini, hakuwahi kumalizia. Bondeni walimalizia wenyewe. Alipotoka langoni aliwakuta wanapanda mteremko, wanawake mbele, na kila mmoja ameshika kile kijiko cha bati kinachoning'inia msumarini.

Bi Mashavu alifika anahema, amemshika Sijali mkono. Kibao cha Bondeni kilikuwa cha mwisho chini, karibu na ardhi. Akapiga magoti, akakifuta kwa kanga, akaweka kiganja. Shaba ikapata joto. Mwanga mdogo wa njano ukawaka ndani yake, rangi ile ile ya utando.

"Kumbe kinafanya kazi," akasema Siwatu.

"Mizani ya waasisi hiyo, si ya hawa." Bi Mashavu aliinuka kwa kushika bega la Havintishi. Akamsogezea mdomo sikioni. "Wakikiri, mimi nitaacha kumwaga. Nitawataja kwa kijiko kitupu. Wanangu hawakuwa walafi, jina litawatosha. Lakini wakiri kwanza."

Kisha akakigonga kijiko chake kwenye bomba kuu lililopita kando ya lango. Wakagonga wote. Ile sauti haikukaa pale, kwani bomba ni moja mji mzima. Ilipanda mteremko, ikapita Mtaa wa Mafundi, ikapita Mtaa wa Madaraja, ikaingia majikoni ya mitaa ya juu, mpaka kwenye koki yako.

Uliisikia. Ulikuwa umesimama na bakuli mkononi. Ulisema ni hewa kwenye bomba, ukafunga koki, ukaanza kunywa uji wako pamoja na utando wake, na macho yako mazima ukayageuza ukutani.

Uji wako haukuwahi kuwa na girisi, kwa kuwa pampu iko chini yako, uji hukufikia kabla ya kuifikia. Kipimo chako hakikuwahi kuzidishwa, kwa kuwa hukuwa na maiti wa kumkumbuka. Hukufanya kosa lolote. Hicho ndicho ulichokifanya, miaka yote hii.

Taa za Turubai zimeanza kupunguzwa. Pale langoni wamekaa chini sasa, vijiko mapajani. Nyuma ya kioo cha ghorofa ya kwanza kivuli chembamba chenye koti jeupe kinatembea kutoka ukuta hadi ukuta, kinatazama vibao, kinasubiri kiambiwe kwamba ni jasiri. Kibao cha Bondeni kinawaka. Cha Mafundi kimewaka sasa hivi, fundi mmoja mwenye masizi amekuja na wanawe. Vilivyobaki ni giza. Kile chenye tangazo la chumba cha kupanga ni cha mtaa wako.

Sijali amekaa miguuni pa mama yake, uso ameuelekeza mteremkoni, mahali ambapo kwake hakuna kitu tena ila weusi na sauti.

"Mama," anauliza. "Watu wamekuja wengi?"

Havintishi anatazama mteremko. Anaona barabara ya mitaa ya juu, pana, safi, tupu. Juzi alimdanganya kuhusu taa. Hataki kumdanganya tena, na mtoto anangoja.

Weka bakuli chini. Usimalize, utakuta limepoa, hutakufa. Vaa viatu, au usivae. Mgongee jirani yako mlango unapopita. Shuka, bandua lile tangazo, weka kiganja chako. Si kesho, kesho jicho litakuwa limekauka. Sasa, mtoto amekwisha uliza.